Kobe wa Kokwa

Tbilisi, Jumanne, 8 Desemba 1981

Mama,

Barua hii nampa Amiran wa basi, kwa hiyo itakufikia ikinuka machenza na dizeli. Salamu ndefu sina. Mimi mzima, nakula, soksi ulizonifumia ndizo zinazoniweka hai. Tuingie kwenye hesabu.

Michezo kumi na sita imekwisha. Nimeshinda mitano, nimetoka sare sita, nimepigwa mitano. Jumla pointi nane. Umebaki mchezo mmoja tu. Na Mkurugenzi Karlo wa kiwanda cha chai alisema tisa. Hakusema nane na nusu. Ile karatasi niliyomwandikisha nyuma ya fomu ya mzani iko chini ya mtungi wa jibini: Tsiala akirudi na pointi tisa, chumba cha sataranji kinabaki cha wasichana, akirudi na pungufu, kinakuwa ghala la magunia. Sahihi yake ipo. Usimwonyeshe mtu, lakini usisahau ilipo.

Sasa sikia bahati yangu. Keshokutwa nacheza kete nyeusi, na ninayecheza naye ni Nargiza. Ndiyo, huyo huyo. Kiwango chake 2315, changu 2060. Nimetazama jedwali lao: mtu wa 2060 akicheza michezo mia na mtu wa 2315, anategemewa kupata pointi kumi na tisa. Hapo hawajahesabu kwamba mwenye nyeupe ndiye anayeanza. Toa mbili tatu nyingine.

Na nani nimemkuta kwenye ngazi, amemshikia Nargiza koti? Bwana Severian, mwalimu wangu wa zamani. Miaka kumi na minne, Mama, na mtu yule hajabadilika hata kifungo. Alinitazama hivi, akasema, "Wewe si yule msichana wa chai?" Nikamjibu, "Ndiye. Siku hizi naipima." Akacheka. Siku ile alipompa Nargiza kitanda changu, ndiyo nafasi yangu, katika shule ya michezo, alisema mbele ya darasa zima kwamba vidole vya kuchuma chai havishiki malkia. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Tangu hapo sijafundishwa na mtu yeyote mwenye mshahara wa kufundisha. Nimefundishwa na vipande vya magazeti nilivyobandika kwenye madaftari ya mzani, na wewe, uliyenipiga jioni arobaini mfululizo nilipokuwa bibi harusi, kabla hujaniachia sare moja.

Wasichana waambie wafanye mazoezi. Wote kumi na sita. Mwanao Otar asile jibini lote.

Mkweo,
Tsiala


Chokhatauri, Jumatano, 9 Desemba

Tsiala, mwanangu, roho yangu iwe fidia yako,

Barua imefika. Amiran kainywea chai kwanza, kisha divai, kisha ndipo kaitoa mfukoni. Nikamwambia siku nyingine aanze na barua, kwa maana moyo wangu una miaka sabini na mbili na divai yangu ina miwili tu.

Umenikumbusha siku ulipokuja kuolewa. Mimi nilikuwa nategemea mkwe mwenye cherehani. Likashushwa sanduku la vitu ulivyotoka navyo kwenu, nikafungua: mashuka sita, sufuria, na ubao wa sataranji kama kila bibi harusi. Cherehani hakuna! Nikasema moyoni, huyu nitamla mzimamzima. Nikakula jioni arobaini. Ya arobaini na moja ukanikwama kooni. Sasa na huyo Nargiza naye akameze, tuone.

Usimwogope kwa sababu ya jedwali. Jedwali limeandikwa na mtu asiyemjua mama mkwe wako.

Hapa kila kitu shwari. Wasichana wanacheza. Otar ameunguza mkate wa mahindi, ametuambia ndivyo unavyopikwa Ufaransa. Mimi nimekaa tu, miguu inaniuma kidogo, basi nakaa. Nimekaa sana siku hizi. Hakuna la kukuhangaisha.

Karatasi ipo. Nimeihamishia kifuani kwangu, jibini lilikuwa linaitia mafuta.

Mama yako,
Fedosia


Tbilisi, Alhamisi, 10 Desemba, jioni

Mama!

Haujaisha. Haujaisha! Tumecheza kwa saa tano, hatua arobaini, na mchezo umeahirishwa. Tutaumalizia Jumapili saa nne asubuhi, maana kesho na keshokutwa ukumbi umeahidiwa kikundi cha ngoma. Zamu ilikuwa ya Nargiza. Ameandika hatua yake kwa siri kwenye karatasi, akaitia kwenye bahasha, mwamuzi akaifunga kwa lakiri na kuiweka kabatini. Hatua iliyo ndani ya bahasha ile anaijua yeye peke yake, na Severian akishamnong'oneza.

Na mimi ndiye niliye mbele! Mimi, na kete nyeusi! Mpaka hatua ya ishirini alikuwa ananibana kama gunia chini ya mashine. Ya ishirini na tatu akaona askari wangu wa bure, akamla kwa pupa bila kuhesabu. Mimi nilikuwa nimehesabu mara nne. Nilimpokonya ngome yake kwa farasi, na tangu hapo nikawa mimi ndiye ninayebana.

Kwenye ngazi Severian akanishika kiwiko. "Tsiala, binti yangu." Binti yangu! "Sare hii ichukue leo. Nargiza anahitaji nusu tu awe bingwa peke yake, na wewe nusu kutoka kwa mtu wa 2315 ni zawadi ya kuwasimulia wajukuu."

Nikamwambia, "Sina wajukuu, nina wasichana kumi na sita. Nusu haigawanyiki kwao."

"Ni sare hata hivyo. Mabwana watatu wa sataranji wameshaitazama."

Na ubaya ni huu, Mama: nadhani anasema kweli. Itazame. Nargiza amebaki na mfalme na farasi, basi. Mimi nina mfalme, kobe mmoja, yule wa kwenda mshazari, yuko e4, na askari wawili: mmoja safu ya a, huku dirishani, amekwenda mbali, mwingine safu ya h, huku mlangoni. Wawili kwa sifuri! Kwa mzani nimeshashinda. Lakini kobe wangu ni wa miraba myeupe, na pembe ambako askari wa dirishani anapaswa kugeuka malkia ni nyeusi. Kwa hiyo yeye atatoa farasi kwa askari wa mlangoni, kisha atamkalisha mfalme wake kwenye pembe ile nyeusi, na kobe wangu hawezi kumtoa pale hata tukikesha mwaka. Sare. Nane na nusu. Magunia.

Wao wako watatu na chumba chenye sofa. Mimi niko na chumba cha hosteli na msichana wa Batumi anayekoroma. Panga ubao wako wa zamani, mwite Valiko jirani, waite wote. Uchambuzi wakati wa kuahirishwa unaruhusiwa, nimemuuliza mwamuzi mara mbili. Karatasi ya kete zote na mahali pake iko ndani. Jibu kwa basi la Jumamosi.

Halafu, Mama. Amiran ameniambia umekaa kwenye kiti mlangoni pa chumba cha sataranji tangu Jumatatu, na kwamba nyuma yako kuna magunia arobaini na moja na mbele yako kuna Karlo. "Miguu inauma kidogo"! Ulidhani sitajua?

Tsiala


Chokhatauri, Ijumaa, 11 Desemba

Mwanangu,

Amiran ana mdomo kama mlango wa zizi. Ndiyo, nimekaa mlangoni. Karlo alileta magunia Jumatatu, akasema hayo ya pointi ni mchezo tu wa maneno, wewe huko Tbilisi utapigwa tu. Yakaingia arobaini na moja kabla sijafika na kiti changu. La arobaini na mbili halijaingia. Karlo anasema, "Bibi Fedosia, utapata baridi." Namwambia, "Karlo, nilipozoea baridi wewe ulikuwa bado unanyonya." Wapakizi hawawezi kunibeba, wawili kati yao niliwazalisha mama zao. Wasichana wanacheza juu ya magunia, wanasema ni mazuri kuliko viti.

Sasa sikiliza, maana hapa hakuna aliyelala mchana! Nimeweka ubao wangu niliokuja nao bibi harusi, ule wa mwaka thelathini na moja, juu ya gunia hapohapo mlangoni. Kobe wetu mweusi, unajua, alipotea wakati wa vita, tunatumia kokwa la mjozi, moja ya yale ya kuvunja na kula. Alikuja Valiko, alikuja mwalimu wa hesabu, walikuja wachumaji saba. Kelele kama harusi. Valiko akasema sare, nikamwambia Valiko hata ndoa yako uliiita sare. Tukatazama tena.

Na tumeona! Tsiala, umeshinda! Unamng'ang'ania nini yule askari wa mlangoni? Mtupe! Mwache akaliwe! Farasi akimfuata huko anakuwa amekwenda mbali kama mtu aliyetumwa chumvi Batumi, wewe kobe wako anakuwa huru, anatoka pale d4, anamfungia njia, na askari wa dirishani anakwenda moja kwa moja mpaka pembeni, anakuwa malkia. Tumeicheza mara kumi na moja. Mara kumi na moja tumeshinda. Mimi nilicheza nyeupe mara sita, na nilikuwa najitetea kwa dhati, unajua siachii.

Msichana mmoja, Lela wa Natela, alikuwa anajaribu kusema jambo, lakini Valiko alikuwa anaimba.

Nimeweka ndani machenza kumi na mawili na mkate wa mayai. Msichana wa Batumi mpe moja, asikorome.

Mama yako


Tbilisi, Jumamosi, 12 Desemba

Mama,

D4! D4, Mama! Mimi niliandika e4! Nimeandika kwa herufi kubwa, nimepigia mstari! D4 ni mraba mweusi! Watu kumi, mwalimu wa hesabu mmoja, michezo kumi na moja, na kobe mmemweka kwenye rangi isiyo yake! Kobe wangu hawezi kukanyaga d4 hata akitaka kujinyonga! Mmeshinda mchezo wa mtu mwingine! Huko Chokhatauri nani alimsogeza kobe? Nilisoma kwenye ngazi za ofisi ya mabasi nikataka kulia. Nilikula machenza sita kwa hasira, moja baada ya jingine, nikiwa nimesimama.

Nilianza barua hii saa nane. Sasa ni saa kumi, na naendelea kwa kalamu nyingine maana ile nimeivunja.

Mama. Ngoja.

Mmemtupa askari mmoja. Mimi sikufikiria hilo hata mara moja. Miaka kumi na mmoja kwenye mzani, gramu mia mbili zikipungua nasimamisha lori. Mtu kama mimi anatupaje askari mzima? Nimekuwa nikiwakumbatia wote wawili, kobe amekaa anamlinda yule wa dirishani kama mlinzi wa banda tupu. Na mabwana wale watatu kwenye sofa nao wananihesabia hivyo hivyo, kwamba nitawakumbatia wawili, kwa sababu nani asiyewakumbatia?

Ninyi kobe wenu alikuwa wa miraba myeusi, kwa hiyo wa dirishani ndiye dhahabu, mkamtupa wa mlangoni. Wangu ni wa miraba myeupe. Geuza! Pembe ya mlangoni ni nyeupe! Namtupa wa DIRISHANI! Yule aliyekwenda mbali, yule mzuri, yule ambaye kila mtu anamtazama. Mfalme wake aende akamle. Akimla yuko mwisho wa dunia. Kobe wangu anakuwa huru, anamfungia farasi ukutani, na askari wa mlangoni anashuka na mfalme wangu mkono kwa mkono, na pembe ile, Mama, ile pembe ni ya kobe wangu!

Nimeipanga juu ya kitanda. Msichana wa Batumi amekuwa Nargiza. Mara nane. Mara nane nimeshinda. Hata farasi aende kulia, hata aende kushoto, chochote kilichomo kwenye bahasha ile.

Sitakula kitu.

Tsiala


SIMU YA MAANDISHI
TBILISI, 13 DESEMBA, SAA SITA NA DAKIKA KUMI
KWA FEDOSIA, KIWANDA CHA CHAI, MLANGO WA CHUMBA CHA SATARANJI

TISA


Tbilisi, Jumapili, 13 Desemba

Mama, Mama, Mama,

Neno moja lilitosha, na kila neno lina bei yake. Sasa pokea mengine kwa bei ya Amiran.

Mwamuzi alikata bahasha kwa mkasi. Ukumbi ulikuwa umejaa, watu wamesimama mpaka kwenye vyumba vya makoti. Akasoma: farasi anarudi nyuma. Nilikuwa nimeicheza mara nne kitandani. Saa yangu ikaanza, nikamsogeza kobe, nikamwacha askari wa dirishani uchi kabisa. Dakika haijaisha.

Ukumbi ulifanya "aa". Unaijua ile "aa" ya mtu anayeona mwenzake amekosea njia. Nyuma yangu mzee mmoja akasema kwa sauti, "Masikini, amemsahau." Mwingine akamjibu, "Si ni mpima chai? Amezidiwa." Na Nargiza akaniangalia, Mama, kwa huruma. Nilimwona anatafuta mtego, hauoni, anatafuta tena. Alitumia dakika thelathini na moja. Nilikuwa nazihesabu. Kisha mfalme wake akaenda akamla.

Hapo ndipo nikamwona Severian, safu ya pili, anasimama. Ameona. Yeye aliona kabla yake, lazima nimpe haki yake. Alisimama mdomo wazi, na hana ruhusa ya kusema neno.

Kobe akarudi hatua moja, tu! Farasi wa Nargiza amebanwa ukutani, kila mraba anaotaka kwenda una kobe au mfalme wangu. Mfalme wake akaanza kukimbia kuvuka ubao, na unajua mbio za mfalme, mraba mmoja mmoja kama mtu anayevuka matope na viatu vya harusi. Alikuwa amechelewa hatua mbili. Nilikuwa nimehesabu mbili, zikawa mbili. Hatua ya hamsini na nane askari wangu alikuwa amebakiza mraba mmoja. Nargiza akasimamisha saa, akanipa mkono. Mkono wa baridi kama chupa. Akasema, "Tangu lini uliona?" Nikamwambia jana saa kumi. Akasema, "Sisi hatukuona kabisa." Akacheka kidogo. Si mtu mbaya, Mama. Kile kitanda hakujipa mwenyewe.

Kisha akaja Severian. Safari hii hakunishika kiwiko.

"Nani alikufanyia uchambuzi?"

"Kamati."

"Kamati gani?"

"Ya Chokhatauri."

"Inaongozwa na nani?"

"Bibi Fedosia."

"Ana daraja gani?"

Nikafikiri. "Hajawahi kupimwa," nikasema. "Mzani wetu hauna mawe ya kutosha."

Amelitoa daftari lake, Mama, akaliandika jina lako. Nikamtamkia herufi kwa herufi. Halafu nikamwonyesha vidole vyangu, vyote kumi, nikamwambia avihesabu. Kumi na minne, hiyo ndiyo miaka niliyongoja kufanya jambo hilo, na lilichukua sekunde tatu.

Narudi kesho kutwa. Nani alimsogeza kobe? Nataka jina lake. Nataka kumbusu.

Tsiala


Chokhatauri, Jumatatu, 14 Desemba

Mkwe wangu, mwanangu, malkia,

Simu yako aliileta tarishi akikimbia, na mlemavu yule hajakimbia tangu mwaka hamsini. Nilikuwa kwenye kiti. Karlo alikuwa mbele yangu na wapakizi wapya aliowaleta kutoka bonde la pili, ambao sikuwazalisha mama zao. Nikaifungua. Nikamsomea. Nikarudia, kwa sababu ni neno zuri.

Karlo akasema, "Tisa ni nini? Mimi sikumbuki tisa yoyote."

Nikaingiza mkono kifuani, nikaitoa ile karatasi. Inanuka jibini, lakini sahihi inasomeka. Wachumaji wote walikuwa pale. Karlo akaisoma, akaigeuza, kule nyuma akakuta uzito wa chai ya tarehe hiyo kwa mwandiko wako, na nadhani hapo ndipo alipochoka. Akawaambia wapakizi, "Toeni." Wasichana hawakuwangojea. Magunia arobaini na moja, wasichana kumi na sita, nusu saa. Wewe utajua ni mangapi kwa kila mmoja, mimi nilikuwa nalia.

Sasa nikuambie lile niliogopa kuandika. Ijumaa, katikati ya uchambuzi, wakati tumefika mahali patamu, Valiko alikuwa anafikiri kwa nguvu, na akifikiri mkono wake hutafuta kitu cha kutafuna. Tukasikia ka! Tukageuka. Mpumbavu yule amemvunja kobe kwa meno na anamla. "Valiko! Huyo ni kobe wa Tsiala!" Akameza. Akasema alikuwa mtamu. Nikachukua kokwa jingine bakulini nikaliweka haraka, kwa hasira, pale nilipodhani alikuwa amesimama. Lela peke yake aliona kwamba nimekosea mraba, ndilo alilokuwa anajaribu kusema, na sisi kumi tulimnyamazisha. Nimemwomba radhi mbele ya wote. Ukifika mfundishe wewe mwenyewe, huyo ana jicho lako.

Valiko amesikia unataka kumbusu aliyemsogeza kobe. Amenyoa ndevu. Mwambie mwenyewe kwamba aliyemsogeza ni mimi.

Usininunulie kobe huko Tbilisi. Kokwa linatosha. Ila safari hii nimetikisa bakuli zima mpaka nikapata moja lililo tupu ndani, Valiko asipate cha kutafuna.

Njoo. Nimeweka kete tayari. Nyeusi ni zangu.

Mama yako,
Fedosia
Kamati ya Chokhatauri